Mama Wilondja na Sindano ya Asubuhi

Siku ya kwanza niliingia kazini katika dispansari ya Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nikiwa nimevaa kaputula nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, na kabla jua halijapanda ilikuwa imechafuka kwa dawa ya vidonda. Mkubwa wa pale aliitwa Asistani Medikali. Alikuwa Mkongomani kama sisi, aliyesoma miaka mingi, lakini siku zile za ukoloni hakuruhusiwa kuitwa daktari. Daktari alikuwa Mbelgiji mmoja tu kwa teritware nzima, yaani wilaya yetu yote, naye alikaa Fizi, kule juu mlimani. Asistani aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama najua kunoa sindano. Nilijibu kwamba shuleni tulifundishwa. Akanipa jiwe laini na sindano butu.

"Noa muzuri," aliniambia. "Ya kwanza utanipiga mi mwenyewe."

Nilinoa mpaka vidole vikaniuma. Ninyi vijana mnafungua karatasi, mnatoa sindano mpya, mnapiga, mnatupa. Sisi sindano tulikuwa nayo kama mkulima na jembe lake. Tuliichemsha, tukainoa, tukaichemsha tena, na bomba lake lilikuwa la kioo. Ukiliangusha, afadhali ungejiangusha wewe. Asistani aliukunja mkono wa shati lake, nikampiga sindano ya maji ya chumvi, naye hakukunja uso. Alisema tu kwamba nimeajiriwa kweli sasa.

Ninaandika haya kwa sababu ya neno nililolisikia mwaka huu katika mkutano wa mituelle, ule mfuko ambamo kila familia inatia kidogo ili akiugua mmoja, wote wamtibu. Muuguzi mmoja kijana, mtu mwenye adabu na ninayempenda, alisimama akasema wagonjwa wa sukari wanazidi kila mwaka, dawa yao haina mwisho, na tusipowatoa watauzamisha mfuko pamoja nasi sote. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo, nikaona heri nirudi nyumbani niandike, maana nikisema kwa mdomo huwa naharibu.

Neno lile si jipya. Mimi nililisikia Baraka nikiwa bado sijaota ndevu za kutosha, na aliyelisema alikuwa Daktari wa Fizi mwenyewe.

Mama Wilondja aliletwa kutoka kijiji cha Swima kwa mtumbwi. Alikuwa mjane, mkubwa wa kimo, lakini mwili ulikuwa umemwisha kabisa, nguo imemzunguka mara mbili. Binti yake Sifa alikuja amemshika kiuno. Alituambia mama yake anakunywa maji ya mtungi mzima na bado anaomba maji, anakula bukari, ule ugali wetu, ya watu wawili na bado anakonda, na mahali anapokojoa nyuma ya nyumba sisimizi wanajipanga. Majirani walisema amelogwa. Asistani aliposikia habari ya sisimizi hakuuliza swali lingine. Aliniita nione kazi.

Alitia mkojo kidogo katika kichupa chembamba cha kioo, akaongeza maji fulani ya bluu, akashika kichupa kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Kama mkojo hauna sukari, bluu inabaki bluu. Ukiwa na sukari kidogo, inakuwa kijani, kisha manjano. Ule wa Mama Wilondja ulipita rangi zote hizo bila kusimama, ukawa mwekundu kama tofali lililochomwa. Sifa alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Hakujua maana yake, lakini aliona nyuso zetu.

Asistani alimweleza bila kuzunguka. "Hii ugonjwa haiponi. Tutatembea nayo tu. Iko dawa, inaitwa insulini. Kila asubui shindano, mpaka mwisho."

Mama aliuliza mwisho wa nini. Asistani alijifanya anaosha mikono.

Insulini ilitoka ng'ambo, ikafika Bukavu, ikashuka mpaka ziwani kwetu, na njiani haikutaka joto. Fizi walikuwa na frigo, jokofu la mafuta ya taa. Sisi Baraka tulikuwa na mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga, na kazi yangu ilikuwa kuulowesha mchanga ule asubuhi, mchana na jioni ili vichupa vikae katika ubaridi. Na kwa kuwa Swima ni mbali, na kule hakuna aliyejua kupiga sindano, Mama Wilondja alibaki kwetu. Alipewa kitanda mwisho wa nyumba ya wagonjwa, na Sifa alipewa mkeka chini yake. Dispansari iliwalisha wote wawili.

Baada ya wiki chache mama alianza kujaza nguo yake. Kiu ilipungua. Siku moja nilimkuta ameketi kivulini anashona wavu wa mtu, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa mlobaji, mvuvi wa samaki, na yeye ndiye aliyemshonea nyavu maisha yote. Alikuwa haoni vizuri. Ugonjwa ulimgusa macho kabla hatujamtibu. Alishona kwa vidole, akitumia kibao kidogo kupimia ukubwa wa macho ya wavu, na macho yote yalitoka sawa. Alikuwa pia mtu wa utani. Aliniambia kwamba mkono wangu wa sindano ni mwepesi kwa sababu sijawahi kulima.

Sasa niseme ukweli, maana nimeshazeeka na hakuna wa kunicheka isipokuwa wajukuu. Nilikuwa naamka mapema kuliko kazi ilivyotaka. Nilikuwa nalowesha mchanga uliokwisha lowa. Sifa alikuwa anachota maji, anapika sombe ya majani ya muhogo, anafua bandeji zetu bila kuombwa, na kila asubuhi alimshikia mama yake mkono wakati napiga sindano. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa karibu naye kwa muda wa sindano moja. Nilijifunza kupiga polepole.

Wakati huohuo wagonjwa wengine wa sukari walianza kutokea. Walikuwapo siku zote, nadhani, ila walikuwa wanafia nyumbani na watu wanasema uchawi. Waliposikia kwamba kuna mama wa Swima aliyerudishiwa mwili, walikuja. Alikuja katekista wa Lubondja. Akaja mke wa karani wa pamba, kisha mzee mmoja mchunga ng'ombe kutoka milimani, ambaye hakuwa na mtu yeyote. Wote walihitaji kitanda, chakula na muuguzi wa kila asubuhi.

Ndipo Daktari aliposhuka kutoka Fizi na jeep yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kulala chini nasi wakati wa mlipuko wa kuhara damu. Lakini alikuwa na sanduku moja la pesa za serikali, na ndani yake ilipaswa itoke kinini, penisilini, bandeji, maziwa ya watoto na kila kitu cha teritware. Alipita kitanda kwa kitanda, akarudi ofisini, akamwita Asistani na mimi. Swahili yake ilikuwa ile ya Wazungu, na muuguzi alimwita munganga kama watu wote wa kwetu, lakini siku ile tulimwelewa sana.

"Insulini inakula sanduku yangu," alisema. "Mutu moja ya sukari, kitanda kila siku, chakula kila siku, munganga kila siku. Leo batu bane. Kesho kumi. Na batoto ba malaria nitabapa nini?"

Asistani alisema kwamba bila dawa watu hawa watakufa.

"Najua. Mutu anaweza kukaa kwake na kujipiga shindano yeye mwenyewe, nitamupa dawa. Mutu anaomba kitanda, siwezi tena. Nitarudia kisha ya mwezi moja."

Alipoondoka, Asistani alifunga daftari la wagonjwa. Kisha akaniambia kwamba Daktari amesema kweli na amesema vibaya, na kwamba mambo haya mawili mara nyingi hutembea pamoja. Mimi nilikuwa namfikiria mama mmoja asiyeona mistari ya bomba. Mistari ile ndiyo kipimo. Ukivuta pungufu, sukari inabaki juu. Ukizidisha, inashuka ghafla, mtu anatetemeka, jasho linamtoka, anaanguka, na asipopewa asali au muwa haraka haamki.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hili Daktari hakulijua. Kwa ridhaa ya Sifa, nilikuwa nimekwisha kumtuma baba yangu mdogo Swima kwa wajomba zake kuniposea. Mkono mtupu haulambwi, basi mbuzi wa mahari walikuwa wanatafutwa. Na kwetu Babembe, siku mbuzi wanapokelewa, mkwe na mama mkwe hawaonani tena. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini umpishe. Huli mbele yake, humtaji jina, humgusi. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Kumshika mama mkwe mkono kila asubuhi na kumwinulia nguo begani, hilo lingekuwa aibu ambayo watoto wetu wangeirithi.

Mimi nilikuwa nimelifumbia macho. Nilijiambia kwamba njia itapatikana, jinsi vijana wanavyojiambia. Mama hakufumba. Asubuhi moja, Sifa akiwa ameenda mtoni, alinizuia nisimpige sindano kwanza.

"Mutoto yangu, unamupenda Sifa," alisema. "Mi naona. Macho yangu haikufa yote."

Nilikubali.

"Siku mbuzi itafika, hutanipiga shindano tena. Na hapa banatufukuza. Sasa sikia. Mi nitasema ndiyo kwa bajomba. Kisha nitarudia Swima, na hii mambo ya dawa tuache. Nilishakula miaka yangu. Sifa akuwe na nyumba yake."

Alisema bila kulia, akiwa ameshika kibao chake cha wavu. Mimi ndiye niliyelia, mbele yake, nimevaa kaputula yangu nyeupe. Nilimwambia kwamba nitangoja, nitaoa baadaye. Aliniuliza baadaye ya nini: ya yeye kufa? Nikamwambia basi ajifunze kujipiga. Akacheka, akanionyesha macho yake.

Nilimweleza Sifa yote, kwa sababu sikuweza kumwoa mtu huku nimemficha bei ya ndoa hiyo. Alikasirika, kwanza na mimi, kisha na mama yake, kisha na Daktari, kisha na wazee wote waliotunga desturi. Alipomaliza alikaa chini. Alisema yeye angeweza kujifunza kupiga sindano, na kweli alijifunza kwa siku mbili tu, lakini bibi harusi anaenda kwa mume wake. Nani atabaki Swima? Kaka yake Sifa, huyo Wilondja mwenyewe, alikuwa ziwani akivua siku nyingi kuliko nyumbani. Ilikuwa lazima mama ajifunze mwenyewe.

Tulianza kwa maji, bila dawa, na chungwa bichi badala ya nyama ya mtu. Kupiga hakukuwa shida. Mikono iliyoshona nyavu haitetemeki ovyo. Shida ilikuwa kipimo. Mara alivuta dawa nyingi mno, mara kidogo mno, nami nikawa nasema "bado" na "imepita" mpaka sote tukachoka. Mwishowe alikasirika, akaweka bomba chini, akauliza kwa nini kitu hiki hakina kibao.

Sifa na mimi tuliangaliana. Bomba la kioo lina mchi ndani yake. Ukiuvuta, dawa inaingia, na mchi unatokeza nje kwa urefu ulio sawasawa na kiasi cha dawa. Sifa alikata utete kando ya maji. Nilivuta mchi mpaka kwenye mstari wa kipimo cha mama, nikapima sehemu iliyotokeza nje, tukakata utete kwa urefu uleule na kuupasua ubavuni ili ushike mchi. Sasa mama alivuta mpaka utete unaingia bila kulegea na bila kubanwa. Alijaribu, nikaangalia mstari. Alijaribu tena. Alitupa kichwa nyuma akacheka kama msichana, na kusema kwamba tungemwambia mapema kuwa ni kazi ya wavu asingetusumbua hivi.

Daktari aliporudi, Asistani alimweka mama katikati ya chumba kwenye kiti. Nilisimama ukutani nimeshika mikono yangu nyuma. Mama alisafisha bomba, akatafuta mdomo wa kichupa kwa kidole, akavuta, akapima kwa utete, akatoa hewa, akafunua paja. Daktari alichukua bomba kabla hajajichoma, akaliangalia dirishani, akalirudisha mkononi mwake, naye akajipiga. Daktari alimgeukia Asistani.

"Huyu atapata dawa yake," alisema. "Na bengine, mubafundishe vile."

Tuliwafundisha. Katekista alikataa kabisa kujichoma, lakini mke wake alijifunza, na nasikia hakumwonea huruma. Mke wa karani alijifunza haraka. Yule mzee wa milimani vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa ugonjwa, utete hakuusikia, na hakuwa na mke wala mtoto wa kumpigia. Kitanda chake kilihesabiwa kuwa gharama, akarudishwa kwao. Tulipata habari za kifo chake kabla mvua hazijaanza. Asistani aliomba ruhusa ya siku ile, akaenda kukaa ziwani peke yake. Mnaponisikia nasema sanduku ni dogo, jueni kwamba nalijua lilivyo dogo.

Mbuzi walipelekwa Swima. Mama Wilondja, aliyekuwa amekwisha kurudi kwake, alijipiga sindano yake alfajiri, akala, kisha akajificha nyuma ya nyumba kabla hatujatokeza njiani. Tangu siku ile nilimjua kwa sauti tu.

Serikali ilifungua kituo kidogo Swima nikatumwa huko, jambo lililomfurahisha Sifa na kunipa mimi kazi ya kuingia majanini kila nikienda sokoni. Nilikuwa napeleka kichupa kipya, naketi nje nimeipa nyumba mgongo, naye kutoka ndani ananieleza jinsi alivyolala. Nilipima mkojo wake ulioletwa na Sifa. Nikiona manjano, nilisema kwa sauti, nikiuambia ukuta, kwamba kuna mtu amekula ndizi mbivu. Ukuta ulinyamaza.

Kisha siku moja Sifa alikuja kituoni anakimbia. Mama alikuwa amekanyaga mwiba wa samaki, hakusikia maumivu, maana sukari inaua hisia za miguu, naye hakusema kwa siku nyingi. Sasa mguu ulinuka. Kumpeleka Fizi kulikuwa ni kuukata, na wachache waliokatwa siku zile walirudi. Nilimwambia Sifa jinsi ya kusafisha. Alisema amekwisha jaribu, kidonda ni kirefu, nyama imeoza ndani, yeye hawezi. Alisema pia kwamba mama ametuma neno, na kwamba nilisikilize vizuri.

"Amesema hivi: mukwe abaki kwake. Banitumie munganga."

Nilivaa nguo nyeupe ya kazi ingawa ilikuwa jioni. Niliingia katika nyumba ambayo sikuwahi kuivuka kizingiti chake. Mama alikuwa amelala, khanga imefunika uso wote, mguu tu uko wazi. Sikusema neno lolote la kifamilia. Nilipiga magoti, nikaosha, nikakata nyama iliyokufa, nikaweka dawa, nikafunga. Nilirudi kesho yake, na kesho yake, mpaka mwezi ukaandama na kuisha. Khanga haikuondoka usoni. Lakini siku moja nilipokuwa naosha katikati ya vidole, sauti kutoka chini ya khanga ilisema kwamba mkono bado ni mwepesi, hivyo inaonekana hata baada ya kuoa sijaanza kulima.

Mguu ulipona. Asubuhi nilipoondoa bandeji ya mwisho, nilibaki nimeushika kidogo, maana nilijua sitamgusa tena. Mama aliuvuta taratibu.

"Aksanti, munganga," alisema. "Sasa uende. Na ukikutana na mukwe wangu inje, umwambie asiingie humu."

Aliishi miaka mingine kadhaa, kisha akavaa ile nguo ya kufa ambayo wote tunayo: alikwenda kwa homa ya mapafu, miguu yake yote miwili ikiwa mizima. Mimi nilihamishwa Fizi, nikawa mkubwa wa chumba cha dawa, nikapita chini ya madaktari wengi, wazuri na wa hovyo, mpaka nikastaafu na kurudi Baraka.

Basi, kijana wangu wa mituelle. Umesema kweli: sukari ni mgeni asiyeaga, na mfuko wetu ni mdogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana tuliuanzisha. Lakini kabla hujamtoa mtu, nenda kwake. Angalia miguu yake, tazama nani yuko naye nyumbani, ona kama anajua kupima dawa yake bila wewe. Kinachokula mfuko zaidi ni mguu uliooza unaoletwa kwa machela, na huo huanza kwa mwiba ambao hakuna aliyeuangalia. Na ukimkuta yule ambaye vidole vyake havisikii na hana mtu, huyo hasa ndiye tuliyemtilia pesa katika mfuko huu.

Sikusema haya mkutanoni kwa sababu ningelia, na wewe ungeona haya kwa ajili yangu. Huwezi kujua, hatujawaambia watu: tangu masika iliyopita Sifa naye ana sukari. Anajua kujipiga sindano kuliko mimi, na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Hata hivyo kila asubuhi ananinyooshea mkono wake, anageuza uso kuelekea dirishani, na kunisubiri nimalize.